Imamu Abu Hanifa na Mali ya Mtu Mzima

Katika Mahakama Kuu ya Machakos, kama katika mahakama nyenginezo za Kenya, huletwa maombi ya watu watakao kusimamia mali ya jamaa yao aliyepungukiwa na akili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliipa mahakama uwezo wa kumweka msimamizi na mlezi wa mtu kama huyo. Jambo hili limetukumbusha Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyelipima kwa mizani nzito zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa Kufa, nchi ya Iraq, mwaka 80 Hijriya (699). Alikuwa mfanyibiashara wa hariri, akaijua mali kwa mkono wake mwenyewe, namna ipatikanavyo na namna ipoteavyo. Kisha akajilazimisha na darasa ya Hammad bin Abi Sulaiman, na Hammad alipofariki mwaka 120 (738), yeye ndiye aliyekaa mahali pake.

Wanavyuoni wote wamekubaliana kwamba mtoto na mwendawazimu huwekewa hajri, yaani huzuiliwa kuitumia mali yao, na walii huwatunzia. Khitilafu ilikuwa juu ya mfujaji: mtu mzima, mwenye akili, lakini aipoteza mali yake. Abu Hanifa alikataa kumwekea hajri. Kijana aliyebaleghe bila ya uongofu wa mali alimzuilia mpaka atimize miaka 25, kisha akaamuru apewe iliyo yake. Hoja yake ni kuwa kumnyang'anya mtu kauli juu ya nafsi yake ni kumshusha katika daraja ya wanyama, na dhara hiyo ni kubwa kuliko kupotea kwa mali. Lakini mufti asiye haya, tabibu mjinga na mkodishaji wanyama aliyefilisika, hao aliona wazuiwe, kwa kuwa dhara yao yawafikia watu wengine.

Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, walimkhalifu, na madhehebu yetu ya Imamu Shafii pia yanaikubali hajri juu ya mfujaji. Wala yeye hakuwakataza wanafunzi wake kumpinga. Mwenyewe aliukataa ukadhi wa Khalifa Mansur, akafungwa Baghdad, akafariki mwaka 150 (767).

Basi sisi twachukua nini? Hatusemi kwamba mgonjwa aachwe bila ya mtunzaji, kwani huko ni kumdhulumu. Twasema kwamba uzee si wazimu, usahaulifu si wazimu, na kutowapendeza watoto katika kuuza shamba si wazimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, wataka mtu asaidiwe kuitumia kauli yake kabla ya wengine kusema badala yake. Kwa hiyo sheria itengenezwe hivi: mzee aonwe na kusikizwa mwenyewe, msimamizi apewe uwezo kwa kadiri ya haja tu, atoe hesabu, na mgonjwa akipoa arudishiwe mali yake. Na aendaye mahakamani kumwombea babake usimamizi, ajiulize kwanza: aihifadhi mali ya mzee, au aharakisha urithi?