Aeschylus: askari aliyetunga kilio cha adui

Mtu akienda vitani akashinda, na nduguye akauawa katika vita hivyo hivyo, kisha akawa amejaaliwa kipawa cha utunzi, tutamtarajia atunge nini? Mimi ningetunga majigambo. Nasema kweli, kwani nimejibizana kwa mashairi tangu ujanani na naujua utamu wa ulimi wa mshindi. Ndiyo sababu kisa cha Aeschylus, malenga wa Uyunani, nchi tuiitayo leo Ugiriki, hakinitoki moyoni.

Alizaliwa yapata mwaka 525 kabla ya Nabii Isa, katika mji wa Eleusis ulio karibu na Athens. Babake akiitwa Euphorion. Mwaka 490, yeye akiwa na umri wa miaka 35 hivi, jeshi la Darius, mfalme wa Waajemi, lilishuka pwani ya Marathon ili kuutia adabu mji wa Athens. Aeschylus alikuwamo safuni, na nduguye Cynegeirus pia. Waajemi walishindwa wakakimbilia merikebu zao. Cynegeirus akaishika moja kwa tezi asitake iondoke, akakatwa mkono kwa shoka, na hapo ndipo ulipokatika uhai wake.

Miaka kumi baadaye akaja Xerxes, mwana wa Darius, na jeshi kubwa zaidi. Aliunga merikebu zikawa daraja juu ya mlango wa bahari wa Hellespont, watu wake wakavuka kwa miguu kutoka Asia. Akaingia Athens, akayachoma mahekalu yaliyokuwa juu ya kilima cha Acropolis. Lakini merikebu zake zilivunjwavunjwa katika mkondo mwembamba wa Salamis, mwaka huo huo wa 480. Inasimuliwa kwamba Aeschylus alipigana huko nako.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Kule Athens michezo ya kuigiza ilikuwa mashindano. Kila mwaka, majira ya kuchipua, katika sikukuu ya mungu wao Dionysus, watunzi watatu walishindana, kila mmoja na michezo minne. Serikali ya mji ilimteua tajiri wa kubeba gharama za kuwafunza waimbaji na kuwavisha. Mwaka 472 tajiri aliyembebea Aeschylus gharama hizo alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, jina lake Pericles, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa Athens. Mchezo uliitwa Waajemi.

Fikiri, msomaji, mahali ulipochezwa. Watazamaji waliketi wazi, chini ya jua, kwenye mteremko wa Acropolis ile ile iliyochomwa miaka minane tu nyuma. Wengi wao walivuta makasia kwa mikono yao siku ya Salamis. Na Xerxes bado alikuwa hai, yu juu ya kiti chake cha enzi.

Basi watu wale wakaonyeshwa nini? Si Salamis, wala si Athens. Walipelekwa Susa, mji wa mfalme wa Waajemi, wakawaona wazee wa nchi wakingoja habari za vita na roho juu. Anatoka mama yake Xerxes, anasimulia ndoto mbaya aliyoiota. Anafika mjumbe, naye anaeleza jinsi merikebu elfu moja na ushei zilivyoshindwa na mia tatu na kidogo, zikagongana zenyewe kwa zenyewe kwa kukosa nafasi, na bahari ikajaa maiti. Kisha mzuka wa Darius unaitwa kutoka kaburini. Mwisho anaingia Xerxes peke yake, nguo zimeraruka, na mchezo unamalizika kwa mfalme na wazee wake kupokezana kilio.

Katika mchezo mzima hakuna hata Myunani mmoja aliyetajwa kwa jina. Wakuu wa Waajemi waliokufa ndio wanaotajwa, jina baada ya jina, kama yatajwavyo majina ya marehemu katika dua ya hitima.

Utunzi wa namna hii ulikuwa na hatari yake. Mtunzi mwenzake, Phrynichus, aliwahi kuigiza kutekwa kwa mji wa Miletus, mji wa ndugu zao uliovunjwa na Waajemi mwaka 494. Watu wakalia ukumbini, kisha wakamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao. Aeschylus aliwaletea msiba wa adui zao, wakampa tuzo ya kwanza.

Wako wataalamu wasemao kuwa hapana huruma pale, kwamba Waathens walifurahia tu kuona adui akilia. Siwakatalii moja kwa moja. Sifa za Athens zimo, na mjumbe wa Kiajemi anawekewa kinywani maneno ambayo kila Mwathens angependa kuyasikia. Lakini mtazame Darius. Huyu ndiye aliyelituma jeshi lililomuua Cynegeirus, naye katika mchezo ndiye mwenye hekima kuliko wote. Ndiye anayemlaumu mwanawe kwa kiburi cha kuifunga bahari daraja. Hapo malenga ameipinda historia, kwani Darius naye aliwahi kuunga daraja la merikebu akavuka hadi Ulaya. Ameipinda kwa kumpendelea mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kumchukia. Mwenye nia ya kucheka tu angetaabika hivyo kwa nini?

Katika ufundi pia aliacha alama. Kabla yake mwigizaji alikuwa mmoja, akisemezana na kundi la waimbaji. Aristotle asema ni Aeschylus aliyeongeza wa pili. Wawili hao, wanaume waliovaa vinyago, walitosha kuwa malkia, mjumbe, mzuka na mfalme.

Baadaye Hieron, mtawala wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, alimwalika, na mchezo ule ukachezwa huko tena. Mwaka 468 alishindwa na kijana Sophocles. Mwaka 458 akarudi na kushinda kwa michezo yake mashuhuri juu ya ukoo wa Agamemnon. Alifia Gela, Sicily, yapata mwaka 456. Hekaya ya kwamba tai alimwangushia kobe kwenye upara akidhani ni jiwe, sina haja nayo, ingawa watoto huipenda.

Alitunga michezo 70 au zaidi. Iliyotufikia kwa jina lake ni 7, na Waajemi ndio wa zamani kuliko yote. Juu ya kaburi lake yaliandikwa maneno yasemwayo kuwa aliyatunga mwenyewe. Yanataja jina lake, la babake na mji wake, kisha vita vya Marathon. Michezo haikutajwa. Na shahidi aliyeitwa kuthibitisha ushujaa wake ni Mwajemi.