John Pender: Muuza nguo aliyenunua njia za habari

MKULIMA wa kahawa wa Tengeru au mfanyabiashara wa Soko Kuu la Arusha anayeuliza bei kwa simu hupata jibu papo hapo. Kabla ya mwaka 1879, mfanyabiashara wa karafuu Zanzibar aliyetaka kujua bei ya London alisubiri meli kwa wiki kadhaa. Kampuni iliyofupisha safari hiyo ya habari ilikuwa ya Mskochi, John Pender.

Pender alizaliwa mwaka 1816 katika bonde la Leven, Scotland. Alitajirika kwa kuuza nguo za pamba Glasgow na Manchester, biashara iliyotegemea kujua mapema bei ya pamba ya Marekani.

Mwaka 1856 aliingia katika Atlantic Telegraph Company, iliyotaka kulaza waya wa simu za maandishi chini ya bahari hadi Amerika. Waya wa mwaka 1857 ulikatika. Wa mwaka 1858 ulifanya kazi wiki chache tu, ukafa. Wenye mitaji wakaogopa.

Pender hakurudi nyuma. Mwaka 1864 kiwanda kilichosuka nyaya kiliunganishwa na kile kilichozifunika kwa utomvu wa miti ili maji yasipenye. Yeye akawa mwenyekiti, na akaweka dhamana yake binafsi ya pauni 250,000. Mwaka uliofuata waya ukakatika tena katikati ya bahari. Laiti na jaribio la mwaka 1866 lingeshindwa, angepoteza karibu kila kitu. Lilifaulu, na hata waya uliopotea ulivuliwa ukakamilishwa.

Baada ya hapo alibuni mbinu yake. Kila njia mpya aliiundia kampuni yake, ili moja ikianguka isizivute nyingine. Njia ikishaleta faida, aliiunganisha na wenzake. Mwaka 1870 waya ulifika Bombay. Mwaka 1872 kampuni nne zikawa moja, Eastern Telegraph Company. Mwaka 1873 nyingine tatu zikaunganishwa kuhudumia China na Australia. Mwaka huohuo alianzisha Globe Telegraph and Trust, ambako mwekezaji aliyenunua hisa za kampuni moja alipata sehemu katika kampuni nyingi za nyaya.

Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza huko Isandlwana, na habari ilichukua takriban wiki tatu kufika London. Mwaka huohuo, kwa msaada wa ruzuku ya serikali, kampuni nyingine ya Pender ililaza waya kutoka Aden hadi Zanzibar, Msumbiji na Durban. Mombasa iliunganishwa mwaka 1890.

Hata hivyo, faida haikugawanyika sawa. Malipo yalikuwa kwa kila neno, na aliyemiliki njia nzima ndiye aliyekuwa na nguvu ya kupanga bei. Wafanyabiashara wakubwa walitumia maneno ya siri yaliyobeba sentensi nzima ili kupunguza gharama. Mkulima wa bara aliendelea kuuza kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi.

Pender alifariki mwaka 1896. Mwaka 1929 kampuni zake ziliunganishwa na za Marconi, na mwaka 1934 zikaitwa Cable & Wireless. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilinunuliwa na Vodafone, kundi lenye hisa nyingi katika Vodacom. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukaendelea hadi Arusha.

Kwa vyama vya msingi vya ushirika chini ya Mlima Meru, yapo mawili ya kupima katika maisha hayo. Mradi mpya usiwekwe kwenye kapu moja na ule unaolisha wanachama, na muungano ufanywe baada ya kila upande kuonyesha hesabu zake. Na mwanachama aulize kila msimu: bei ya mnada wa Moshi anaijua mwenyewe, au bado anatajiwa na mnunuzi?