Sayyidna Uthman na Kumuuguza Mkewe

Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), khalifa wa tatu, alikuwa tajiri wa biashara wa Makka. Alihajiri Uhabeshi pamoja na mkewe, Bibi Ruqayya binti wa Mtume (S.A.W.). Mwaka wa 2 wa Hijra (624), Waislamu walipotoka kwenda Badr, bibi huyo alikuwa mahututi, na Mtume akamwamrisha Uthman abaki Madina amuuguze. Akabaki hata mkewe akafariki. Bishara ya ushindi ilifika watu wakilisawazisha kaburi. Mtume akampa fungu la ngawira sawa na waliopigana. Nasi wanaume wa leo twawaachia wanawake kazi hiyo, tukakaa barazani! Baadaye wako waliomtia ila kwa kuikosa Badr. Abdullahi bin Umar akawajibu kwa kuwakumbusha ugonjwa wa Ruqayya na fungu lile.