Mfaransa aliyeliona taji la Jua bila kusubiri lipatwe

JIONI ya Novemba 3, 2013, Mwezi ulilifunika Jua kwa sehemu kubwa juu ya Misikhu, kituo cha biashara kilichoko kati ya Webuye na Kitale. Hata hivyo, taji la Jua, yaani anga lake la nje, halikujitokeza hapo. Kipande kidogo tu cha Jua kikibaki wazi, mwanga wake hulimeza taji hilo. Ni kaskazini, Turkana, ambako Jua lilifunikwa lote, tena kwa sekunde chache tu.

Kwa miaka mingi, wanasayansi walitegemea nafasi adimu kama hizo. Aliyewakomboa ni Bernard Lyot, aliyezaliwa jijini Paris, Ufaransa, Februari 27, 1897.

Lyot alisomea uhandisi wa umeme kabla ya kujiunga na kituo cha unajimu cha Meudon mwaka 1920. Waliomtangulia walikuwa wameshindwa kuliona taji hilo mchana wa kawaida, kwa kuwa mwanga wake ni hafifu mara milioni moja kuliko wa Jua lenyewe. Lyot alitambua kwamba vumbi na kasoro ndogo za lenzi zilichangia kulificha. Mwaka 1930 aliunda darubini yenye kisahani cha kuziba uso wa Jua, akaipandisha mlima Pic du Midi, karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa safi.

Taji hilo ni plazima, gesi ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni. Vipimo vya Lyot viliashiria joto la ajabu. Baadaye Bengt Edlén wa Uswidi alionyesha kuwa mwanga wake wa kijani hutoka kwa atomi za chuma zilizopoteza elektroni 13. Joto hilo hupita nyuzi milioni moja, ilhali uso wa Jua una takriban 5,500. Lyot pia alipiga filamu za ndimi za plazima zikipanda na kushuka.

Februari 1952 alisafiri hadi Khartoum, Sudan, kutazama kupatwa kwa Jua, kwani giza hilo hufichua sehemu ambazo darubini yake haikuzifikia. Akirejea, moyo ulimsimama garini moshi karibu na Cairo, Aprili 2, akiwa na umri wa miaka 55.

Chombo cha SOHO, kilichorushwa angani mwaka 1995, kilibeba darubini za mfano wake. Ndizo zilizowawezesha wataalamu kuona mawingu ya plazima yakitoka kwenye Jua na kutahadharisha mapema wasimamizi wa umeme na setilaiti.