Wasifu wa Grace Hopper

Grace Brewster Murray alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, Marekani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akafungua moja. Vipande vikamshinda kurudisha. Akafungua ya pili ili aone vilivyopangwa, nayo ikamshinda, akaendelea hivyo hadi saa saba za nyumbani zikawa zimefumuliwa. Mama yake alipogundua alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Watahiniwa wengi hupenda kukirefusha kisa hiki. Kitaje kwa sentensi mbili tatu, uende mbele, maana alama nyingi ziko mbele.

Alihitimu Chuo cha Vassar mwaka 1928 katika hisabati na fizikia. Mwaka 1930 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka huohuo akaolewa na Vincent Hopper, ambaye jina lake aliendelea kulitumia hata baada ya ndoa kuvunjika mwaka 1945. Hawakujaliwa mtoto. Shahada ya uzamivu ya hisabati aliipata Yale mwaka 1934, huku akifundisha Vassar.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, Grace alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Umri wake ulikuwa umesogea na uzito wake ulikuwa chini ya kiwango, hivyo ikabidi aombewe ruhusa maalumu. Aliapishwa Desemba 1943. Katikati ya mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Howard Aiken, kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa zaidi ya tani 4, na ilisoma maagizo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Hapa ndipo lilipoanzia tatizo alilokuja kulitatua. Hesabu nyingi za vita zilihitaji sehemu zinazojirudia, kwa mfano kutafuta saini ya pembe au kipeuo. Grace na wenzake waliziandika sehemu hizo katika madaftari, tuziite vijiprogramu, na mtu aliyehitaji kimoja alikinakili kwa mkono kutoka kwenye daftari la mwenzake. Lakini kila kijiprogramu kiliandikwa kana kwamba kinaanzia mstari wa sifuri. Ukikiweka katikati ya programu yako, mathalani kuanzia mstari wa 120, ilikulazimu kuongeza 120 kwenye kila anwani iliyomo. Watu walikosea kujumlisha, na walikosea hata kunakili: herufi B ilisomwa kama 13. Kosa moja la namna hiyo liliweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Na kazi yenyewe, kunakili na kujumlisha, ndiyo hasa mashine inayoifanya vizuri kuliko binadamu.

Mwaka 1949 alihamia kampuni ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand. Huko, kati ya 1951 na 1952, Grace alitengeneza programu iliyoitwa A-0. Vijiprogramu viliwekwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake ya kuitia. Mpangaji programu aliandika orodha tu ya namba hizo kwa utaratibu wa kazi. A-0 iliisoma orodha, ikavitafuta vijiprogramu kwenye utepe kimoja baada ya kingine, ikavipanga na kurekebisha anwani zote yenyewe. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukusanya, aliiita kompaila.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho mtahiniwa anapaswa kukielewa vizuri. Kumbukumbu ya UNIVAC ilikuwa na nafasi 1,000 tu, na Grace alitaka foleni ya vijiprogramu ipitiwe mara moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiprogramu cha kwanza kinachukua nafasi 0 hadi 39, cha pili 40 hadi 99. Cha pili kikitaka kurudi kwa cha kwanza hakuna shida, kwa kuwa anwani yake inajulikana. Je, kikitaka kuruka kwenda kwa cha tano? Cha tano bado hakijafika, na urefu wa cha tatu na cha nne haujajulikana. Unamwelekezaje mtu kwenye nyumba ambayo haijajengwa?

Jibu alilipata uwanjani. Alipokuwa mwanafunzi alicheza mpira wa kikapu kwa sheria za zamani za wanawake, zinazofanana kiasi na za mpira wa pete tunaocheza shuleni: huruhusiwi kutembea na mpira mkononi. Mchezaji anayetaka kufika golini humrushia mwenzake, hukimbia mbele, kisha hurushiwa tena. Basi Grace alitenga kona ndogo mwishoni mwa kumbukumbu. Kijiprogramu kilichohitaji kwenda kwa mwenzake ambaye hajafika kiliagizwa kuruka hadi kwenye kona hiyo, na alama ikawekwa kuonyesha kwamba wa tano ana ujumbe wake. Wa tano alipofika kwenye foleni, A-0 iliiona alama ikaandika pale konani agizo la kuruka hadi mahali alipowekwa. Foleni haikusimama kumngoja mtu.

Ukisakinisha programu leo kwenye kompyuta ya Linux utaona jambo la ukoo huohuo. Programu ya kuonyesha video, kwa mfano, inaweza kuhitaji nyingine ya sauti, na hiyo ya sauti ikahitaji nyingine tena. Msimamizi wa vifurushi hutafuta vyote vinavyotegemewa, huacha vilivyokwisha kuwepo, huvipanga foleni, kisha huhakikisha kinachotegemewa kinakuwa tayari kabla ya kinachotegemea. Programu mbili zikidai matoleo yasiyopatana ya kifurushi kimoja, hukataa kuendelea. Usiandike, hata hivyo, kwamba Hopper ndiye aliyebuni mfumo huo. Katika A-0 orodha iliandikwa na binadamu. Mashine ilileta, ikapanga na ikaunganisha. Kwa lugha ya leo A-0 inakaribia zaidi kuitwa kiunganishi kuliko kompaila kamili. Hata hivyo wazo kwamba kazi ya kukusanya na kupanga aachiwe mashine lilikuwa geni kiasi kwamba wengi hawakutaka hata kuijaribu, wakishikilia kuwa kompyuta inaweza hesabu tu.

Kisa cha nondo nacho kinahitaji uangalifu. Tarehe 9 Septemba 1947 nondo alikutwa amekwama ndani ya mashine ya Mark II huko Harvard, akabandikwa kwenye daftari la kumbukumbu za kazi. Hopper alikisimulia sana kisa hicho, ila si yeye aliyemwona mdudu, na neno la Kiingereza la mdudu kwa maana ya hitilafu lilitumiwa na mafundi miaka mingi kabla.

Baada ya A-0 aliongoza utengenezaji wa FLOW-MATIC, lugha ya kompyuta iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza. Lugha hiyo ilichangia sana katika COBOL, iliyoanza kubuniwa na kamati mwaka 1959. Hopper alikuwa mshauri wa kamati hiyo. Kumwita mbunifu pekee wa COBOL ni kuwanyima haki wengine waliokesha wakiiandika.

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966, likamwita tena mwaka 1967, kwa kuwa programu zake za malipo zilikuwa zimevurugika na alihitajika mtu wa kuziweka sawa. Alistaafu kabisa Agosti 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali wa ngazi ya chini (Rear Admiral). Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya takriban sentimita 30, umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili wasikilizaji waone kwa macho kwa nini kompyuta yenye kasi lazima iwe ndogo. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992 huko Arlington, Virginia, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Meli ya kivita inayobeba jina lake ilianza kazi mwaka 1997.