Sayyid Barghash hakuwa na wakili wake

Wengi wetu twamjua Sayyid Barghash bin Said, Allah amrehemu, kwa Beit al-Ajaib aliyoijenga Unguja mwaka 1883 na kwa maji safi aliyowavutia watu wa mji. Wachache twamkumbuka kwa mkataba wa kampuni, ilhali huo ndio uliotugusa sisi wa mwambao wa Kenya.

Hakuwa mtu wa kuchezewa. Mwaka 1859 aliwania kiti dhidi ya nduguye Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Alirejea, na mwaka 1870 akatawala. Tajiri wa meli wa Scotland, William Mackinnon, alipotaka kukodi bara yake, mazungumzo yalivunjika mwaka 1878.

Mshauri wake mkubwa alikuwa John Kirk, balozi wa Uingereza. Walikuwa karibu mno, lakini mshahara wa Kirk ulitoka London. Manowari za Wajerumani zilipotia nanga Unguja mwaka 1885, Sultani alilazimika kusalimu amri. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikaelewana zenyewe, zikamwachia ukanda wa maili 10.

Tarehe 24 Mei 1887, akiwa amebanwa kila upande, alikikabidhi chama cha Mackinnon mwambao wa kuanzia mto Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Bendera ibaki yake, forodha na utawala viwe mikononi mwao. Machi 1888 akafariki. Mwaka huo huo chama kikawa kampuni yenye hati ya kifalme, na Kirk akawa miongoni mwa wakurugenzi wake.

Kampuni haikufaidi. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliichukua kwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka Zanzibar, fedha ambazo Wajerumani waliilipa mwaka 1890 kwa mwambao wa kusini. Yaani mwenye nyumba alimlipa mpangaji atoke, kisha funguo akapewa mtu wa tatu.

Ndugu msomaji, leo kampuni kubwa huja kununua biashara ya familia au kutaka kuungana nayo, na huja na wakili wake, mpole, mwenye kueleza kila kitu. Huyo si wako. Tafuta wako, mlipe wewe, awe mzoefu wa mauzo ya kampuni. Akague madeni na hati. Akueleze mnunuzi akishindwa itakuwaje, na kama aweza kumuuzia mwengine bila ridhaa yako. Utaona ada yake ni ghali, lakini linganisha na pauni 200,000.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, yatuamrisha kuandikiana, na mwandishi awe muadilifu. Kabla ya kutia saini, basi, uliza: huyu aandikaye, analipwa na nani?