Adrian Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Wasomaji wetu wa Mbeya na Iringa wanajua vema jinsi moto wa dini unavyowaka, na jinsi unavyopoa. Siku ya Kipaimara kanisa hujaa hata watu wakasimama nje. Mvua za kupanda mahindi zikianza, katekista hubaki na watoto watano chini ya mti, naye mwenyewe shamba lake linamwita. Hatuwalaumu wakulima. Twauliza tu: ni nini kimfanyacho mtu aendelee ngoma zikiisha kunyamaza?

Kwa swali hili twamkumbuka mtu aliyeishi si mbali na milima yetu. Ukitoka Mbeya ukapita Tunduma na Sumbawanga, ukaendelea hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, hufika Karema, ambayo leo imo katika Jimbo la Mpanda. Hapo Adrian Atiman alifanya kazi miaka 67.

Hakuzaliwa huko. Alizaliwa yapata mwaka 1866 Tundurma, kando ya mto Niger karibu na Timbuktu. (Jina hilo lafanana na Tunduma yetu, ingawa nchi hizo mbili hazina undugu.) Alipokuwa mtoto alitekwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha, wakamlea Algeria, naye akabatizwa.

Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri lake: vijana Waafrika wajifunze uganga, kisha warudi kuwa waganga na makatekista kati ya Waafrika wenzao. Ndiyo sababu Atiman alipelekwa Malta kusoma. Mpango ule wa Malta haukudumu. Lakini Atiman alidumu. Alipita Unguja, akafuata msafara kwa miguu hadi ziwani, akafika Karema mwaka 1889. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaharibu vijiji vya huko, na misioni ilijaa watu waliokombolewa. Aliyewaosha vidonda alikuwa amekwisha kuuzwa kama wao. Twaona kwamba hili lina uzito kuliko maneno mengi ya mahubiri.

Akamwoa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende, akawa mtu wa hapo. Elimu ya Malta haikumfanya adharau maarifa ya wenyeji, bali alijifunza pia miti na mizizi yao. Huyo huyo aliyewatibu wagonjwa aliwafundisha katekisimu. Kazi hizo mbili hakuzitenganisha, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye siri yake. Bidii ya mtu anayengoja kuguswa moyoni ndipo atumikie hukauka upesi, kwani moyo hauguswi kila siku. Mgonjwa, lakini, hugonga mlango kila siku, awe mganga amechoka au hakuchoka. Atiman alikuwa na mlango wa kufungua.

Waliotawala walibadilika. Alifika Wajerumani wakiwa ndio kwanza wanaanza. Akaiona vita ya 1914. Akawaona Waingereza wakishika nchi. Kardinali aliyemtuma alifariki mwaka 1892, tangu hapo miaka zaidi ya sitini hakuwapo tena wa kumsifu kwa kutimiza agizo. Mapadre waliomjua kijana walizikwa, wengine wakaja, naye akawa mzee wa kuwasimulia wageni habari za mwanzo. Nishani zilikuja uzeeni, hata ya Baba Mtakatifu. Mwanawe Yosefu alipewa Daraja Takatifu ya Upadre, na tukijua jinsi watoto wetu wanavyotutazama nyumbani kuliko wanavyotusikia kanisani, hatushangai.

Makatekista wengi wa majimbo yetu hupata posho ndogo, na wengine huacha kazi baada ya miaka mitatu au minne. Parokia inayowasifu siku ya sikukuu na kuwasahau siku ya mavuno haina haki ya kuwauliza bidii yao imekwenda wapi.

Atiman alifariki Karema mwezi wa Aprili 1956, akikaribia umri wa miaka 90.